Kiingereza nyumbani: TAKE si kukamata tu



Mwezi huu tunashika kitenzi kimoja tu cha Kiingereza: take. Kila mwanafunzi wa sekondari anakijua, anakiimba hata usingizini: take, took, taken. Ukimwuliza maana yake anajibu mara moja, "Ni kukamata!" Akitaka kuonyesha masomo yake anaongeza Kifaransa: prendre. Hakukosea. Lakini sikilizeni kwanza jambo nililoliona mimi mwenyewe kwa macho yangu.

Jirani yangu, mama wa watoto sita, alinunua sokoni chupa ndogo ya dawa iliyotoka ng'ambo, Uganda. Ilikuwa dawa ya kupakaa mgongo na magoti, ile yenye harufu kali inayopanda puani. Juu ya chupa hakukuwa hata neno moja la Kifaransa. Kulikuwa Kiingereza tu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Not to be taken. Kijana wake wa mwaka wa tano akasoma, akafikiri, akasema, "Mama, wanasema haipashwe kukamatwa. Labda isitolewe dukani pasipo ruhusa." Basi, kwa kuwa ilikwisha kutoka dukani, hawakuona shida tena. Siku mbili nyuma, mtoto mdogo akakohoa usiku kucha. Asubuhi dada yake akaona chupa ile, akanusa, akasema hii inanukia sawa dawa ya kifua. Mimi niliingia kuomba makaa ya moto. Kijiko kilikuwa kimejaa tayari.

Tulikimwaga. Mtoto hakuonja hata tone. Lakini tangu siku ile sifundishi tena take kwa neno moja.

Kwa Kiingereza cha dawa, take ni kunywa ao kumeza. Not to be taken maana yake ni "Si ya kunywa". Waingereza waliandika maneno hayo hata juu ya chupa za sumu tangu karne ya 19, na yamebaki mpaka leo juu ya dawa za kupakaa. Kwenye dawa za Kifaransa tungesoma usage externe, na kila mtu angeelewa. Kijana yule alijua Kiingereza, hata alijua kwamba taken inatoka kwa take. Kilichomdanganya ni kwamba alikamata maana ya kwanza ya darasani na kuishikilia.

Kwa hiyo, wazazi, mkiona juu ya pakiti Take one tablet twice a day after meals, ni hivi: meza kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, kisha kula. Once ni mara moja, twice ni mara mbili. Nawaomba sana, once isiwadanganye juu ya sura yake. Macho yaliyozoea Kifaransa yanaweza kuona onze pale, yaani kumi na moja. Na kama hamkuelewa, mrudishe pakiti kwa mnganga kabla ya kufungua. Hakuna haya katika kuuliza.

Sasa, kwa nini take inakuwa kunywa? Wenyewe jirani zetu wa Uganda na Kenya wanasema hivyo kila siku. Ukivuka Kasindi na kufika Mpondwe, ukaingia kwa ndugu zetu Bakonzo, watakuuliza Do you take tea? Hawakuulizi kama unabeba chai. Wanauliza kama unakunywa. Wakati mwingine wanafupisha, Do you take? na hapo wanauliza juu ya pombe. (Shemasi akijibu yes kwa haraka, akifikiri wanamuliza kama atachukua kiti, shauri lake!)

Tusiwacheke Waingereza, maana sisi pia tuko na neno la namna hiyo. Ni kamata yetu. Hapa Butembo na Beni tunasema kamata kitabu, kamata njia ya Oicha, safari ilikamata siku tatu. Mutu wa Dar es Salaam akisikia kamata, anafikiri polisi na mwizi. Kwake kitabu kinachukuliwa, na safari inachukua siku tatu. Mwambie "Nilikamata mtoto wako shuleni," uone atakavyoshtuka. Neno ni lile lile, lakini mpaka umebadilisha kazi yake. Take nayo iko hivyo.

Kifaransa kinatusaidia mara mingi, maana prendre na take ni kama mapacha. Take a bus, prendre le bus. Take part, prendre part, ndiyo kushiriki. Lakini mapacha hawa wana siku zao za kugombana. Prendre place kwa Kifaransa ni kukaa kitini. Take place kwa Kiingereza ni kufanyika. Ukisoma kwenye barua The meeting will take place on Monday, hawasemi kwamba mkutano utakaa kitini, wanasema utafanyika siku ya kwanza. Kuna pia wale wanaoandika "mkutano utachukua nafasi Jumatatu". Wandugu, nafasi ya nani?

Vijana wanaotaka kwenda kusoma Uganda washike hili: to take an exam ni kufanya mtihani, basi. Haisemi kama ulishinda. Kushinda ni pass. Na hapo Kifaransa kinatutega tena, kwa sababu passer un examen ni kufanya mtihani tu. Mwenye kuandika kwenye maombi I passed the exam anasema ameshinda; mwenye kuandika I took the exam hajasema kitu juu ya matokeo. Mtu akichanganya hayo mawili katika karatasi za shule, anaweza kuitwa mwongo hali hakutaka kudanganya.

Niseme sasa kwa wale wa machimbo na biashara, maana hapa ndipo mfuko unaumia. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na hata mbele ya hapo wafanya biashara wetu walikuwa wakienda Kampala. Mnunuzi akitazama dhahabu yako na kusema I'll take it, amekubali: ananunua. Lakini akisema I'll take it to Kampala, amesema tu kwamba ataipeleka Kampala. Kununua hakumo. Bei haimo. Siku ya malipo haimo. Kaneno kale kadogo, to, kamegeuza kukamata kuwa kupeleka. Mchimbaji aliyesikia take peke yake anarudi nyumbani akifikiri ameuza, kumbe ameazimisha. Sikiliza mpaka mwisho wa sentensi, na uombe karatasi yenye bei.

Ni vile vile kwa mnganga. Take the child to the hospital if the fever continues: mpeleke mtoto hospitali kama homa inaendelea. Sisi tuna maneno mawili mazuri, leta na peleka, na Waingereza nao wanayo, bring na take. Bring inakuja kwa msemaji, take inakwenda mbali naye.

Kuna take moja ambayo kwetu haiwezi kusahauliwa. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa nane 2018 mpaka tarehe 25 ya mwezi wa sita 2020, Ebola ilikuwa katikati yetu, watu 2.287 walikufa. Wageni wengi walikuja, na kati yao wengine walisema Kiingereza. Maneno yao yalipita katika Kifaransa, kisha katika Kiswahili ao Kinande, mpaka kufika kwa familia yenye kulia. Katika Kiingereza cha hospitali wanasema to take a temperature, to take a sample. La kwanza ni kupima homa. La pili ni kupata damu kidogo, ao kupangusa mate kwa kijiti chenye pamba, ili wapime ugonjwa. Hata maiti walipanguswa mdomo hivyo. Ebu tafsiri neno kwa neno mbele ya mlango wa wafiwa: "Tunakuja kukamata kitu kidogo kwa maiti." Na mitaani watu walikuwa wakisema tayari kwamba viungo vya wafu vinakatwa na kuuzwa!

Sisemi kwamba kitenzi kimoja kilileta hofu ile. Hofu yetu ilikuwa na mizizi yake, na vita, na mauaji ya miaka mingi. Lakini mwenye kutafsiri angesema "Tutapangusa mdomo wake kwa pamba, mbele ya macho yenu, halafu tutapima," familia ingejua kitakachofanywa, na ingeweza kuuliza ao kukataa ikijua inakataa nini.

Take off, take over, take back na wenzao tunawaweka kwa mwezi ujao, maana ukurasa umekwisha.

Na chupa ya mama jirani? Iko bado, juu ya kabati, pale watoto hawafiki. Kijana wake aliifunga plasta nyeupe tumboni na kuandika kwa kalamu, herufi kubwa: YA KUPAKAA, USINYWE. Aliandika pia kwa Kinande, juu ya nyanya yake.