CHOO KIKIZIBA, USINGOJE FUNDI WA MJINI



Mwaka 1973 wazee wetu walijifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakachimba vyoo. Mwaka 2017 ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo. Tumejua kujenga choo. Lakini mimi naona kuna somo moja ambalo hatujalishika, nalo ni kuzibua.

Siku hizi hapa Nachingwea na Ruangwa utaona nyumba zenye choo cha kumwaga maji. Kinyesi hupita katika bomba, hufika kwenye chemba, kisha huingia shimoni. Choo hiki ni kizuri, kwa sababu hakina nzi wala harufu. Lakini kina maadui wawili: magunzi na uchache wa maji. Choo cha shimo cha zamani kilimeza kila kitu. Kilimeza gunzi, jani, jiwe na kitambaa. Bomba la inchi 4 halimezi hivyo.

Katika zahanati moja niliyopata kufanya kazi, choo kiliziba. Tulifanya nini? Tulikifunga kwa kufuli, tukaandika barua ya kuomba fundi. Tukangoja wiki tatu. Wagonjwa wakawa wanakwenda kwenye mikorosho nyuma ya jengo, hata wale wenye kuharisha. Na sisi ndio tulioandika ukutani, "Nawa mikono"! Siku moja bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake akatuuliza, "Wanangu, hapa kwenu hakuna mwanzi?" Kabla ya adhuhuri choo kilikuwa kinafanya kazi. Ndani ya bomba mlitoka gunzi moja na kipande cha kanga. Niliona haya. Lakini tangu siku ile najua kuzibua.

Nawe fanya hivi. Kwanza tafuta mahali palipoziba. Fungua mfuniko wa chemba, utazame. Je, chemba ni kavu? Basi bomba limeziba kati ya choo na chemba. Je, chemba imejaa? Basi limeziba mbele, kuelekea shimoni, au shimo lenyewe limejaa. Kama shimo limejaa, usijisumbue na mwanzi. Hapo dawa ni kunyonya au kuchimba shimo jipya.

Kata mwanzi mbichi. Upasue upate upapi mrefu wa mita 3 au 4, wenye upana wa vidole viwili. Chonga vifundo vyake viwe laini. Kwenye ncha funga kitambaa kigumu, ukikaze sana kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Usipokikaza, kitambaa kitabaki ndani ya bomba, nawe utakuwa umejiongezea kazi. Mwanzi mbichi unapinda bila kuvunjika. Nondo haipindi. Nondo hutoboa bomba la plastiki, na uchafu huvuja chini ya ardhi bila wewe kujua.

Ingiza upapi kupitia kwenye chemba. Sukuma na kuvuta, polepole, mpaka usikie umepenya. Usitumie nguvu ya hasira. Kisha mwaga ndoo mbili za maji kwa mara moja. Kikombe kimoja kimoja hakisukumi kitu.

Kama choo kimeziba pale pale chini ya sinki, penye kona inayokaa maji, chukua mti imara. Viringisha matambara kwenye ncha yake mpaka yaenee tundu la choo. Sukuma na kuvuta kama mtu anayetwanga. Ila tafadhali, usichukue mchi wa jikoni.

Vaa mabuti ya mpira na glavu. Mwenye kidonda asifanye kazi hii. Uchafu uliotoka uufukie mbali na kisima, si chini ya mita 30. Mayai ya minyoo huweza kukaa udongoni miezi mingi yakiwa hai. Safura huingia kupitia ngozi ya mguu wa mtoto anayetembea peku. Osha vifaa, uvianike juani, nawe unawe kwa sabuni.

Sasa sikiliza vizuri jambo hili. Usiingie shimoni, wala usimtume kijana aingie, hata kwa dakika moja. Ndani ya shimo la choo kuna hewa yenye sumu. Anayeingia huweza kuanguka bila kupiga kelele. Anayemfuata kumwokoa naye huanguka. Usiwashe kiberiti wala kuvuta sigara karibu na shimo lililofunguliwa, maana hewa ile hushika moto. Usimwage tindikali ya betri. Dawa ya klorini usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo, kwa sababu huweza kutoa hewa inayochoma mapafu.

Wako wanaoona njia ya mkato ni kutoboa bomba na kuacha maji machafu yatiririke nyuma ya nyumba. Mimi nawapinga kabisa. Katika maji yale huzaliwa mbu wa maji machafu, anayeeneza matende na mabusha. Ugonjwa huo sisi wa Mkoa wa Lindi tunaujua, wala hatuhitaji kuelezwa. Mwaka 1988 huko Makunduchi, Unguja, wataalamu walifunika maji ya mashimo ya vyoo kwa punje nyepesi zinazoelea, ili mbu wasizaliane. Mbu walipungua sana. Kwa hiyo ukimaliza kuzibua, rudisha mfuniko wa chemba. Ukiwa na ufa, uzibe kwa saruji.

Na gunzi je? Sikukatazi gunzi kama huna karatasi. Weka debe lenye mfuniko kando ya choo. Magunzi na karatasi zilizotumika vitiwe humo, kisha vichomwe. Baba ndiye aonyeshe mfano, maana nimeona katika nyumba nyingi kazi ya choo huachiwa mama na mtoto wa kike, na mwenye nyumba huuliza tu kwa nini kuna harufu.

Upapi wangu nauweka nyuma ya zahanati, umeegemea ukuta. Jirani akitaka kuuazima aje auchukue, ila aurudishe ukiwa umeoshwa.