Mnada wa mtandaoni: Kigoda cha Kiluba hupataje bei yake?

Kigoda cha kichifu kilichochongwa na fundi wa Kiluba, au kinyago cha Watabwa wa kati ya maziwa Mweru na Tanganyika, leo huweza kuonekana kwenye simu pamoja na saa inayohesabu dakika zilizobaki na dau linalopanda. Kwa wengi waliopitia Kenani tangu mwaka 2017, wakitokea majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, hivyo ni vitu vya nyumbani, ingawa madalali wa Ulaya hupenda kuviita sanaa ya kikabila. Namna bei yake inavyopatikana haifahamiki sana kwenye ufuko huu, na kutofahamu huko kuna hasara.

Katika mnada wa eBay, mnunuzi hutaja kwa siri kiwango cha juu kabisa alicho tayari kulipa, na programu humpandishia dau hatua kwa hatua, kadiri tu inavyohitajika kumpita mshindani. Tuseme mmoja ameandika euro 500 na mwingine 320. Ikiwa hatua ni euro 10, wa kwanza hushinda kwa 330. Zile 170 alizokuwa tayari kuziongeza hubaki mfukoni mwake, wala muuzaji hatajua kamwe kwamba zilikuwepo. Kwa maneno mengine, bei huwekwa na yule aliyeshindwa. Mchumi William Vickrey alichambua mnada wa namna hiyo mwaka 1961 na baadaye akapata Tuzo ya Nobel.

Matokeo yake ni mazito. Akijitokeza mnunuzi mmoja tu anayetambua thamani ya kigoda, kigoda huondoka kwa bei ya kuanzia, hata kama ni kazi ya fundi mkubwa. Muuzaji mwenye uzoefu hujikinga kwa kuweka bei ya chini isiyotangazwa, ambayo isipofikiwa kitu hakiuzwi. Wakusanyaji nao wana hila zao: kwa kuwa eBay hufunga kwa saa maalumu, wazoefu hukaa kimya na kutupa dau sekunde za mwisho, wenzao wasipate muda wa kujibu. Catawiki ya Uholanzi huongeza muda kila dau linapoingia dakika za mwisho, na hila hiyo hupungua nguvu.

Kinachowafanya wanunuzi wawe wawili au kumi ni habari: nani alikimiliki kitu hicho, tangu lini, kilipigwa picha wapi. Katika orodha hiyo jina la kwanza mara nyingi ni la afisa, askari au mmisionari wa Kizungu. Mchongaji hayumo.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Gabon. Mwaka 2021 wazee wawili wa Ufaransa, mume na mke, walimuuzia mfanyabiashara wa vitu vikuukuu kinyago cha Ngil cha Wafang kwa euro 150. Machi 2022, huko Montpellier, nyundo ya dalali iligonga kwenye euro milioni 4.2, na ada ya mnunuzi ikaipitisha jumla milioni tano. Kinyago kilikuwa kilekile. Wazee hao walishtaki, na mwaka 2023 mahakama ya Alès ikawakatalia. Ombi la Gabon la kurejeshewa halikufua dafu pia.

Mnada huo huo unaweza kuweka bei juu ya kile kisichopaswa kuwa na bei. Desemba 2022 nyumba ya mnada ya Vanderkindere, Brussels, ilitangaza mafuvu matatu ya watu kutoka Kongo ya enzi za ukoloni, kwa makadirio ya euro 750 hadi 1,000. Moja lilitajwa kuwa la Mwinyi Mohara, mtawala wa Nyangwe aliyeuawa Januari 1893 katika vita vya Wabelgiji dhidi ya Waarabu na Waswahili wa Maniema. Baada ya malalamiko, mafuvu yaliondolewa na nyumba hiyo ikaomba radhi.

Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 2022 kuhusu urejeshaji inagusa makusanyo ya serikali kuu. Mali iliyo mikononi mwa watu binafsi, na mabaki ya binadamu, yamebaki nje. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu uingizaji wa mali za utamaduni, inayotumika kikamilifu tangu Juni 2025, inalenga hasa vitu vyenye umri unaozidi miaka 200. Kigoda kilichochongwa miaka ya 1920 hakifikii umri huo.

Kwa hiyo mnyororo wote unategemea kiungo chake cha kwanza: mtu mwenye kigoda cha babu, aliyevuka nacho mpaka au aliyekiacha kwa ndugu zake Pweto, na mchuuzi aliyekuja kukiona. Mchuuzi huyo amekwisha tazama bei kwenye simu yake. Mwenye kigoda ana mnunuzi mmoja, mbele yake, na jioni mnunuzi huyo anaondoka.