Filamu Inakufundisha Kumtazamaje Jirani?



Wapo Wakristo wanaosema filamu zote ni za shetani. Wapo pia wanaomwachia mtoto rimoti kutwa nzima bila kuuliza anatazama nini. Wote wanafanana: hawapimi. Kanisa halikutufundisha hivyo. Mwaka 1963, katika hati ya Inter Mirifica, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliitaja sinema kati ya vyombo vinavyoweza kumjenga mwanadamu au kumbomoa. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 bora, na theluthi moja tu ndizo za dini.

Nakupa kipimo kimoja: ukimaliza kuitazama, unamwonaje jirani yako?

Chukua Commando ya Arnold Schwarzenegger, ya mwaka 1985. Inasisimua, na baba anayemtafuta binti yake aliyetekwa anagusa moyo. Lakini wanaouawa humo hawana jina wala mama. Wanaanguka, nasi kwenye vibanda umiza tunashangilia.

Chukua filamu zetu za kutisha, kama Shumileta ya Mussa Banzi. Ubunifu upo, na hofu zake ni zetu, si za kuazima. Hata hivyo, nyingi za aina hiyo zimetuzoesha kuamini kwamba nyuma ya kila ugonjwa yupo mchawi, na mara nyingi ni bibi kizee. Unajua tuhuma za namna hiyo huwafikisha wazee wetu wapi.

Sasa tazama Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica wa Italia, ya mwaka 1948, iliyomo katika orodha ile ya Vatikano. Baba mmoja wa Roma anapata kazi ya kubandika mabango, lakini sharti awe na baiskeli. Inaibwa. Anaitafuta mji mzima akiwa na mwanawe mdogo, asiipate. Mwishowe naye anajaribu kuiba, anakamatwa na umati mbele ya mtoto. Mwenye baiskeli anamwona yule mtoto, anamwacha baba aende. Hakuna mhubiri humo, lakini Injili imehubiriwa.

Badala ya baiskeli weka bodaboda. Badala ya Roma weka Ilomba. Likipigwa yowe la "mwizi!" usiku, wangapi kati yetu huuliza kama huyu naye ni baba wa mtu? Amri ya saba haijafutwa: kuiba ni dhambi, na mwizi apelekwe polisi. Lakini na ya tano haijafutwa. Anayeshika tairi na petroli ni muuaji, hata kama asubuhi yake anashika rozari.

Katika Luka 10, kuhani, Mlawi na Msamaria wote walimwona majeruhi yuleyule. Macho yalikuwa sawa; tofauti ilikuwa moyoni. Filamu nazo huufundisha moyo huo, polepole, jioni baada ya jioni.

Basi leo jioni, mzazi, keti na wanao mtazame pamoja. Ikiisha, zima televisheni, uwaulize: tumemhurumia nani humu, na tumefurahi nani alipokufa? Sikiliza majibu yao, kisha nawe ujibu.

Nakutakia Dominika njema.