Neno la Kupinga Vipindi vya Mambo ya Kale

Jioni moja nilikuwa Bulwa, katika milima ya Usambara ya Mashariki, nimeketi katika mgahawa mdogo kando ya barabara ipitayo mashamba ya chai. Televisheni ilikuwa ikionyesha kipindi cha Kiingereza cha magari ya kale. Mafundi wawili walikuwa wakilipapasa gari dogo lenye umri wa miaka 60, wakilisifu kama bibi harusi, kisha wakatamka bei ambayo ingetosha kujenga nyumba kadhaa za mtaa ule. Wakati uo huo, nje ya mlango, Land Rover iliyokaribia umri huo huo ilikuwa ikipakiwa magunia ya iliki, na abiria wakipanda juu ya magunia. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza: "Mwanangu, gari hilo hubeba nini?" Nikamjibu: "Halibebi kitu, mzee, huangaliwa tu." Akanywa chai yake, kisha akasema: "Basi hilo limestaafu. Letu bado li kazini."

Maneno hayo hayajaniacha tangu siku ile, na ndiyo yaliyonitia kuandika makala hii. Napenda kusema waziwazi kwamba vipindi vya televisheni vinavyojiita vya kweli, yaani vya historia, vya safari, vya vitu vya kale na vya magari ya zamani, vimetufundisha namna mbaya ya kuutazama wakati uliopita. Na kwamba sisi wasomi tumekubali mafundisho hayo kimya kimya.

Msomaji asinidhanie kuwa adui wa televisheni. Chombo hiki kilifika Zanzibar mwaka 1973, tena kwa rangi. Tanzania Bara ilikingoja hadi mwaka 1994, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere ilikiona kuwa anasa ya wachache mbele ya haja za wengi. Leo kimeingia hata vijijini, nami nafurahi. Mtoto wa mchuma chai aweza kuona piramidi za Misri na barafu ya ncha ya dunia bila ya nauli. Ninalolipinga ni jicho ambalo chombo hicho kimeazima, na maswali ambayo jicho hilo huuliza.

Tuanze na safari. Katika vipindi vya aina hii msafiri ndiye shujaa, na nchi ni pazia lililotundikwa nyuma yake. Mwezi wa Machi 2013 kipindi cha magari cha Uingereza kiitwacho Top Gear kiliwaonyesha Waingereza watatu, kila mmoja na gari lake lililokwisha tumika, wakipita Uganda, Rwanda na Tanzania wakidai kwamba wanatafuta chanzo cha mto Naili. Ulikuwa mzaha, nami najua kucheka. Walakini mzaha huo ulijengwa juu ya msingi wa zamani sana: kwamba mahali hapajulikani mpaka mgeni apafikie. John Hanning Speke alilifikia ziwa la Nyanza mwaka 1858, akalipa jina la malkia wake, kana kwamba Wasukuma waliokuwa wakivua samaki humo hawakuwa na jina lao. Mwaka uliotangulia, yeye na mwenzake Richard Burton walikuwa wamepanda mpaka Vuga, mji mkuu wa Wakilindi, kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Ilikuwa katika safari hiyo, kwenye ngome ya Chogwe karibu na mto Pangani, walipokutana na Sidi Mubarak Bombay, askari aliyekuja kuwa kiongozi wa misafara yao na ya wengine waliofuata. Bila Bombay, Speke angaliuliza njia kwa nani? Lakini twaambiwa kwamba Speke alivumbua, na Bombay alisaidia. Mwanadamu aliyeijua nchi ameitwa msaidizi wa yule asiyeijua! Kamera ya leo imerithi sarufi hiyo hiyo: msafiri husema, mwenyeji hutabasamu na kusukuma gari lililozama matopeni.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika vipindi hivi mgeni amekuja, na mwenyeji ndiye aliyepotea.

La pili ni vitu vya kale. Kipindi cha mambo ya kale huletewa kikombe, saa au sanamu; mjuzi hukigeuza, husimulia hadithi fupi, kisha hufikia jambo ambalo watazamaji wote walikuwa wakilingoja, nalo ni bei. Hadithi ni utangulizi, bei ndiyo hitimisho. Lakini swali la kwanza ambalo kitu cha kale hudai ni hili: kilitokaje mikononi mwa mwenyewe? Watu wa Bulwa hawana haja ya kwenda mbali kuuona uzito wa swali hilo. Jirani yao ni Amani, ambako Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Mmoja wa wataalamu wake, mwanabotania Karl Braun, aliyeanza kazi huko mwaka 1904, alikusanya mamia ya vitu vya wenyeji, na mkusanyo wake leo uko katika jumba la makumbusho la Stade, karibu na Hamburg. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Ujerumani na wa Tanzania wamevichunguza vitu hivyo wakiuliza vilipatikanaje. Kadhalika pwani ya Kenya: vigango, nguzo ambazo Wamijikenda huwasimikia wafu wao, viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo ya ukutani. Viwili vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007. Hebu fikiri, msomaji, kigango kimewekwa mezani mbele ya kamera, na mjuzi akataja bei, na watu wakapiga makofi. Bei ya kaburi ni nini?

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina adabu kuliko vipindi hivyo. Yalinda hata milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, wala haiulizi kwanza mlango utauzwa kwa kiasi gani.

La tatu ni magari, na hapa narudi kwa mzee wangu wa Bulwa. Gari huitwa la kale na la thamani pale linapoacha kufanya kazi. Hupakwa rangi, huwekwa bandani, na mvua huwa adui yake. Gari la Usambara halikupewa heshima hiyo kwa kuwa halikupata nafasi ya kupumzika. Fundi wake ni mwanahistoria kwa mikono: ajua ni chuma gani kilitoka kiwandani na ni kipi kilifuliwa Muheza, ni mpira gani wa tairi uliokatwa kuziba pengo la kipuri kisichopatikana tena. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Fundi akifa, hufa nayo. Na gari lenyewe hununuliwa kwa kilo na wafanya biashara ya vyuma chakavu. Hii ndiyo hasara ninayoililia. Reli ya Sigi, iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 ili kushusha mbao kutoka misitu hii, haipo tena. Ulinzi wa picha na maneno ya walioifanyia kazi haukuwapo. Jina la kampuni limebaki vitabuni, majina ya wachukuzi yamekwenda. Vivyo hivyo reli kubwa kutoka Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905: wapenda treni huisifu injini, nao hawasimulii kadi ya kazi iliyowalazimisha Washambaa kuwatumikia walowezi siku 30 katika kila miezi 4.

Yamkini mtu atanijibu hivi: kamera ni ghali, aliyelipa ndiye achaguaye, tena watazamaji wenyewe, hata wa Bulwa, hupenda vipindi hivyo. Hoja hii ina nguvu, wala sitaikwepa. Ni kweli kwamba mwenye fedha huchagua. Lakini ni nani aliyetuzuia kuchagua sisi? Vituo vyetu hutoa saa nyingi za muziki, mipira na hotuba. Na sisi wa vyuo vikuu twaidharau televisheni kama mchezo wa watoto, kisha twashangaa kwamba wanafunzi wetu wawajua wafalme wa Uingereza kuliko wawajuavyo Wakilindi. Mzee yule hakukosa upendo wa mambo ya kale. Alipewa ya watu wengine, akayatazama kwa kuwa hapakuwa na jingine.

Wala mtu asiseme kwamba hatuna cha kuonyesha. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, akamsimulia Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyekuja kuwa mfalme, na watoto wake waliotawala na kupigana. Wamisionari wa Magila, chini ya milima hii, waliichapa kwa sehemu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ikatolewa tena mwaka 1962. Ni hadithi yenye mapenzi, hila, vita na hukumu, tena imekwisha andikwa kwa lugha yetu. Nimetazama vipindi vingi. Hiyo sijapata kuiona. Kama ingalikuwa ya kisiwa kidogo cha Ulaya, ingalikwisha onyeshwa mara kumi.

Basi nifanye nini, atauliza mwanafunzi. Aanze na maswali matatu, ayaweke mahali pa yale ya zamani. Badala ya kuuliza nani alikuwa wa kwanza kufika, aulize nani alikuwapo. Badala ya kuuliza bei, aulize njia ambayo kitu kilipitia. Badala ya kuuliza umri wa gari, aulize kazi yake na jina la aliyeliweka hai. Kisha apande Bulwa na simu yake ya mkononi, maana leo kila mwanafunzi ana kamera mfukoni. Aketi na mchuma chai, na dereva, na fundi. Awaache waseme Kishambaa na Kiswahili chao bila ya kukatizwa. Arudi na picha hizo chuoni, nasi tuzipe hadhi ya utafiti tunayowapa wachimbua hati za Berlin.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umechakaa, lakini juu yake wako watu waliokaa na kusimulia. Na wengine wao wangali hai jioni hii, wakinywa chai mbele ya televisheni isiyowauliza neno.