Nuru ya Simu na Mihogo ya Kwale

Itakumbukwa kuwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya mhogo ulielezwa na mtaalamu wa Amani, Tanga, mnamo 1936, si mbali sana na Msambweni. Ubaya wake ni kwamba majani huweza kuonekana mazima ilhali mizizi imekwisha kuoza. Mkulima hugundua siku ya kuvuna.

Ndipo tukaipokea kwa furaha programu ya simu iitwayo Nuru, kazi ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na washirika wake, likiwemo shirika la FAO. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani, naye huelezwa kwa Kiswahili dalili ni za ugonjwa gani, hata pasipo mtandao.

Lakini kijificha mzizini hakifichuliwi na picha ya jani peke yake. Tena simu ya kamera huenda ikawa mfukoni mwa kijana aliyekwenda kutafuta kazi Diani, wala si kwa mamake anayelima. Na hata mama huyo akiambiwa ang'oe, atapanda nini, ikiwa pingili anazopewa na jirani zina maradhi yale yale?

Kilimo kilikabidhiwa kaunti mnamo 2013. Serikali ya Kwale, ikishirikiana na watafiti wa KALRO wa Mtwapa, yapaswa kuotesha pingili safi karibu na wakulima na kuongeza mabwana shamba. Walimu nao wana simu na wanafunzi: shamba la shule na litumike kukagulia mihogo ya kijiji, majani hadi mizizi, kabla ya masika.