Mwacheni Popo, Ndiye Mpanda Mivule

Na Zuhura Shemhilu

Jumanne jioni, Muheza, mzee mmoja mwenye heshima zake aliwakodi vijana wamfukuzie popo mwembeni. Wakachoma tairi chini ya mti. Moshi mweusi ulipopanda na popo kuanza kuhangaika, manati yakawaangusha. Nilimwinamia mmoja: manyoya rangi ya majani makavu, uso kama wa mbwa mdogo, na kifuani kitoto bado kimeng'ang'ania. Popo huyu huzaa mmoja tu kwa mwaka. Kijana akamsogeza kwa teke.

Nikamwamkia mzee, nikamuuliza kosa lao.

"Wananichafulia ua, mwanangu. Tena hawa ni wa wachawi."

Nyuma yake palikuwa na mlango mpya wa mvule, nakshi juu hadi chini. Aliusifia sana.

Mnaonisoma kila wiki mnajua nikisikia mti unatajwa siondoki kimya. Huo mvule nani aliupanda? Mivule ikipandwa kwa mistari, yote pamoja, huandamwa na mdudu mdogo anayeshambulia machipukizi. Yanavimba, yanaoza, mche unakufa. Chini ya mama yake nako haustawi, maana unataka jua. Unapona mbegu zikitawanywa mbali mbali, na mtawanyaji wake mkuu ni popo huyu. Hula tunda usiku, akameza vimbegu, akaruka kilomita nyingi na kuvidondosha akiwa angani, hata juu ya mashamba na sehemu zilizo wazi ambako ndege wengi wa msituni hawafiki. Mbuyu nao hufungua maua yake meupe jua likizama, kwa ajili ya popo.

Tunawachukia kwa sababu kazi yao inafanyika tukiwa tumelala, basi. Uchawi ni kisingizio.

Na msinijibu kwa hoja ya magonjwa. Ndiyo, popo hubeba virusi. Kwa hiyo usimshike, na tunda alilong'ata litupe. Kumwangusha na damu yake miguuni pa watoto, kama nilivyoona Jumanne, ndiko kuyaita hayo magonjwa nyumbani.

Halmashauri zetu zina sheria ndogo za mbuzi wazururaji na za takataka. Zitunge na ya miti wanamolala popo: isikatwe, isichomewe moto. Na wa kwanza kwenda kuidai wawe maseremala.