Kalemie: hofu isiyoisha haiponi kwa Valium ya famasini

Wakaaji wa Kalemie wana sababu nyingi za kukosa usingizi. Tangu mwaka 2016 mapigano kati ya Watwa na Waluba yamefukuza maelfu ya familia vijijini na kuzisukuma pembezoni mwa mji. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda na kuingia nyumbani mwa watu. Kisha M23 ilipoiteka Bukavu mwezi Februari 2025, familia nyingine kutoka Kivu Kusini zilifika bandarini kwa mashua zikitafuta usalama.

Kuogopa mbele ya hatari si ugonjwa. Ugonjwa unaanza pale hatari inapopita lakini hofu inabaki. Madaktari huzungumzia ugonjwa wa wasiwasi wa jumla mtu anapokuwa na wasiwasi karibu kila siku kwa miezi sita au zaidi, juu ya kila jambo: watoto, pesa, kesho. Halali, misuli inakaza, anachoka upesi, anakasirika bure, moyo unamwenda mbio. Wengi wa namna hiyo hupimwa malaria mara nyingi, na wengine hupelekwa kwenye vyumba vya maombi, kabla ya mtu yeyote kuwauliza kuhusu mawazo yao.

Na dawa inapotafutwa, mara nyingi ni ile ile: diazepamu, ambayo watu huiita Valium. Kama katika miji mingi ya Kongo, si vigumu kuipata famasini bila karatasi ya daktari. Inapendwa kwa sababu inatuliza haraka, kabla hata saa moja haijaisha. Lakini baada ya wiki chache mwili unaizoea, kidonge kimoja hakitoshi tena, na anayeiacha ghafla anaweza kutetemeka, kukosa usingizi kuliko mwanzo, hata kupata kifafa. Ikichanganywa na lutuku au tramadoli inaweza kuzima pumzi. Mvuvi anayeimeza jioni kisha akaingia ziwani usiku anahatarisha maisha yake na ya wenzake.

Shirika la Afya Duniani, OMS, limesema wazi. Mwongozo wake wa mwaka 2023 hautaki dawa za kundi la diazepamu zitumike kutibu wasiwasi wa jumla kwa watu wazima. Unapendekeza mazungumzo ya tiba yenye mpangilio, na pale dawa inapohitajika, dawa za kundi la fluoxetini na sertralini. Zisipopatikana, amitriptilini na dawa za jamaa yake zinaweza kutumiwa, ila kwa uangalifu, maana ukizidisha kipimo zinaharibu mapigo ya moyo na zinaweza kuua.

Fluoxetini haina haraka ya Valium. Inahitaji wiki mbili hadi sita kabla ya mgonjwa kuona nafuu. Siku za kwanza inaweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa, hata wasiwasi kuongezeka kidogo. Asiyeelezwa hayo ataitupa siku ya nne na kurudi kwenye Valium. Aliyeelezwa atavumilia, ataendelea kwa miezi kadhaa hata baada ya kupona, kisha ataipunguza taratibu akiongozwa na daktari. Kwa vijana, familia inapaswa kuwa macho zaidi majuma ya mwanzo, kwa kuwa dawa hizi zinaweza kuamsha mawazo ya kujiua kwa baadhi yao.

Kwa watoto, tahadhari ni kubwa zaidi. Mwongozo wa OMS hautaki muuguzi au daktari asiye bingwa amwandikie mtoto dawa ya wasiwasi. Hiyo haimaanishi kwamba dawa haifai kabisa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwafuatilia watoto 488 wa miaka 7 hadi 17 wenye magonjwa ya wasiwasi. Baada ya wiki 12, waliopata sertralini pamoja na mazungumzo ya tiba walipata nafuu karibu 81 kwa 100. Kwa mazungumzo peke yake walikuwa 60, kwa sertralini peke yake 55, na kwa kidonge kisicho na dawa 24. Fundisho ni kwamba mazungumzo pekee yanasaidia watoto wengi, na dawa ikiongezwa na bingwa inasaidia zaidi. Kumpa mtoto kipande cha Valium ya mama ili alale si tiba.

Lakini bingwa yuko wapi? Vituo vinavyojulikana viko mbali: Sosame iko Bukavu, kituo cha Dr Joseph Guislain kiko Lubumbashi. Familia iliyokimbia na mkeka na sufuria haiwezi kulipa safari hiyo, na barabara ya Bukavu ina vita. Kwa hiyo jibu lazima lianzie hapa hapa.

Wakuu wa afya wa jimbo la Tanganyika wanaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, fluoxetini iwekwe kwenye vituo vya afya, si hospitalini tu. Ni dawa ya zamani, inatengenezwa na viwanda vingi. Pili, wauguzi wafundishwe kumtambua mwenye wasiwasi, kumsikiliza, na kumfuatilia. Mwongozo wa OMS umeandikwa kwa ajili yao hasa. Tatu, famasi zikaguliwe, na diazepamu isiuzwe bila karatasi. Mashirika yanayosaidia wakimbizi nayo yahesabu tiba ya akili pamoja na maji na chakula.

Hata hivyo, anayemeza Valium kila siku tangu miezi mingi asiiache leo kwa sababu ya maneno haya. Aende kwa daktari, aipunguze kidogo kidogo. Kazi ya serikali ni kuhakikisha kwamba huko anakokwenda atakuta mtu wa kumsikiliza, na dawa inayofaa.